Kandambili ya Kushoto

"Fauzia, mumeo hatembei, mbona kandambili yake imelika ncha?"

Jirani yake Mwanamvita aliuliza hivyo siku moja wakianua nguo, akacheka. Fauzia hakucheka.

Tangu mumewe Amri apigwe kiharusi upande wa kushoto, Fauzia alikuwa amekifunga kibanda chake cha vitenge pale mpakani Tunduma. Kila asubuhi alimfunga kanga kiunoni na kuishikilia asianguke, kama alivyofundishwa na Violet, mtaalamu wa mazoezi ya viungo hospitalini. "Kisigino kwanza, baba Aziz," alimwambia. Amri alisimama kidogo, akalegea, akarudi mkekani. Violet alishangaa, akasema mguu una nguvu, hajui kwa nini hauendi. Fauzia akazidisha dua.

Sasa wifi yake Naila alikuwa amekuja kutoka Chitete kumsema, maana kasikia anataka kurudi kazini.

"Mke gani anamwacha mgonjwa ndani, yeye akauze vitenge?"

Fauzia alikwenda uani, akarudi na ile kandambili ya kushoto, akaiweka miguuni pa mumewe.

"Mguu uliopooza ukitembea hukwaruza ncha. Usiotembea haukwaruzi kitu. Nikienda sokoni unatembea, Amri?"

Amri akaisukuma kandambili pembeni.

"Nakuuliza mbele ya dada yako."

"Kidogo tu."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya Ramadhani."

Naila akaacha kutafuna karanga.

"Nakuinua mpaka mgongo umeniharibika," Fauzia akasema, "kumbe unajilegeza makusudi uwe mzito."

"Wewe si ulisema siku nikifika msikitini kwa miguu yangu, unarudi mpakani? Kwa wale madereva wa malori na vicheko vyao? Nakupenda, mama Aziz. Ningefanyaje?"

"Hunipendi mimi. Unapenda kubebwa. Mungu kakurudishia mguu, wewe ukamficha hata Mungu, ili mimi nifungwe humu ndani."

"Punguza sauti, majirani wanasikia."

"Nimepunguza sauti muda wote huu nikidhani nyumba ina mgonjwa."

Fauzia akajitwisha furushi la vitenge.

"Huendi popote."

Kabla Naila hajajua kulikoni, Amri alikuwa ameshafika mlangoni, kaziba njia. Mguu wa kushoto ulikuwa umetua kisigino kwanza, sawasawa, vilevile alivyofundishwa.

Naila akajifunika uso kwa ushungi.

Fauzia akautazama ule mguu. Akaitungua ile kanga ya mazoezi msumarini, akamtundikia mumewe begani, akapenya pembeni yake na kwenda zake.