Kibuyu cha Doto

Mimi si mtu wa kuamini kila kinachosemwa bombani. Nashona nguo, cherehani yangu iko barazani hapa Kanyenye, na mtu anayeshona kutwa husikia mengi, kwa hiyo nimejifunza kuchuja. Hili sikulisikia kwa mtu. Nilikuwemo, tena kwa mkono wangu mwenyewe, kwa hiyo nikisimama katikati ya maneno nivumilieni.

Tuanze na siku ya kawaida, kiangazi cha mwaka juzi. Mama Kulwa, jina lake Tekla, mpangaji mwenzangu tunayetumia naye ua mmoja, alikuwa amemaliza kuchoma vitumbua vyake vya asubuhi. Anaamka saa kumi alfajiri, anachoma, anauza, anafua, anapika. Mumewe Hilari ni dereva wa lori, akiondoka ni wiki tatu. Basi siku hiyo Tekla ameketi kwenye kigoda anachagua maharage, kichwa kinamwanguka, anashtuka, kinaanguka tena. Na mwanawe keshafika kwenye ndoo ya unga.

Jamani, yule mtoto. Miaka miwili na miezi yake, miguu kama ya mtu anayedaiwa kufika mahali. Ukimtoa kwenye ndoo ya maji, yuko kwenye mkaa. Ukimnawisha mkaa, keshapanda stuli yangu anazungusha gurudumu la cherehani. Mara moja aliitia simu ya mama yake kwenye sufuria ya uji, ikalia humo humo mpaka ikanyamaza. Tulicheka sana, lakini Tekla alicheka huku machozi yanamtoka, nami nikaona hayakuwa ya kicheko. Alikuwa amechoka mwanamke yule. Amechoka mpaka sauti.

Sasa, Kulwa alizaliwa pacha. Mwenziwe, Doto, hakumaliza siku tatu. Kwa ukoo wa akina Hilari mtoto wa hivyo haliliwi. Bibi Kabula, mama yake Hilari, alikuja kutoka kijijini kwao upande wa Isikizya na kibuyu kidogo kinachoenea kiganjani, akamwagiza mkwewe: kila utakachomlisha Kulwa, mtilie na mwenziwe humu, asione kijicho. Siku Kulwa atakapoweza kutaja jina lake mwenyewe, nitakuja kukichukua, nitakivunja njia panda, na Doto atakwenda zake.

Nilimuuliza bibi asili ya desturi hiyo, maana mimi sina haya ya kuuliza. Akanieleza kwamba babu zao walikuwa wapagazi, walipita njia hii hii ya Ujiji na mizigo vichwani. Aliyeishiwa nguvu waliachana naye njia panda, wakamwekea kibuyu cha maji, wakaenda bila kugeuka. Kugeuka ni kumwita, alisema bibi. Ukimwita atakuja, na atakuja na njaa.

Tekla alifuata agizo lile sawasawa, tone la uji humu, kipande cha kiazi humu. Halafu akagundua jambo ambalo alinieleza mimi peke yangu. Kulwa akiwekewa kibuyu mbele yake anatulia. Yule yule Kulwa! Anakaa kwenye mkeka saa nzima, saa mbili, anakinong'oneza, anacheka, anakinyooshea vitu. Tekla akaanza kupata usingizi wa mchana. Uso ukamrudia, akawa hata anasuka nywele. Nilifurahi kwa ajili yake, kwa nini niseme uongo?

Ikafika siku mtoto akasimama katikati ya ua, akajigonga kifua, akasema, "Kulwa." Hilari alikuwapo, akampigia mama yake simu palepale kwa furaha. Bibi akasema atakuja Jumamosi.

Ijumaa Tekla alinifuata barazani. Akakaa, akashika pindo la kitambaa nilichokuwa nashona, akalikunjakunja.

"Mama Najiat," akasema polepole, "nitafutie kibuyu kingine kama kile."

Sikumuuliza cha nini. Nilijua. Nilimtazama macho yake nikaona mtu anayeomba alale, basi. Nikaenda sokoni, nikapata kinachofanana, nikakipaka masizi na mafuta kikazeeka kwa dakika kumi. Mungu anisamehe, nilijiona mjanja. Jumamosi Bibi Kabula alikichukua kile cha bandia akaenda nacho njia panda. Aliporudi alisema kimevunjika kama kitu kisicho na mwenyewe. Alitutazama sote wawili, akanywa chai yake, akapanda pikipiki akarudi kijijini.

Kibuyu chenyewe kilikuwa chini ya kitanda cha Tekla, kimefungwa kwenye kanga, anamtolea Kulwa mchana apate kulala.

Mwezi wa kwanza hakukuwa na neno. Mwezi wa pili nikaanza kuona utulivu wa Kulwa umepita kiasi. Mkaa haugusi. Stuli yangu haipandi. Ukimpa kitumbua anakimega, sehemu kubwa anaipeleka ndani, anarudi bila hiyo, na ile ndogo anaishika tu. Nguo zikawa zinampwaya. Nilipunguza kaptura zake kiunoni mara mbili ndani ya wiki sita. Tekla alimpeleka hospitali kule Kitete, wakampima kila kitu, wakasema hawaoni ugonjwa, ale vizuri. Lakini alikuwa anakula! Sahani zilirudi nyeupe, na kibuyu nacho kilikuwa kikavu kila jioni.

Nikamwambia Tekla akiache. Akaniambia ameshajaribu. Alikiweka juu ya kabati, akalala, akaamka akakikuta kwenye mkeka, na Kulwa kalala pembeni yake. Kabati lile hata mimi nalifikia kwa kupanda kiti.

Kisha siku moja, saa saba mchana, jua la utosi, niko barazani. Kulwa amekaa miguuni pangu, kimya, anatazama barabarani. Tekla amelala ndani. Nilitaka kumpa kipande cha muwa, nikamwita kwa mazoea tu, bila kumtazama. "Kulwa."

"Naam," akaitika.

Sauti ilitoka ndani.

Niliacha kushona. Kulwa alikuwa palepale miguuni, mdomo umefumba. Nikasema moyoni ni mtoto wa jirani. Nikaita tena, safari hii kwa kunong'ona.

"Naam." Karibu zaidi. Nyuma ya pazia la mlango wa Tekla. Pazia halikutikisika, ila chini yake, pale linapoishia, niliona vidole vitano vya mguu. Vidogo. Vinene. Vya mtoto anayekula akashiba.

Mimi nilikimbia, sioni aibu kusema. Nilimbeba Kulwa nikakimbia naye mpaka barabarani, na nilipomweka chini ndipo nilipotambua uzito wake. Hakuwa na uzito. Nilikuwa kama nimebeba nguo zilizokunjwa. Nikamkumbatia palepale nikalia, watu wanapita wananishangaa.

Siku ile ile tulimpigia Bibi Kabula, tukamwambia yote. Hakutugombeza. Alisema anakuja kesho, na mtoto asipewe chochote ambacho mama yake hajakionja kwanza.

Alifika asubuhi. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama. Alimpakata Kulwa, akampima mkono kwa vidole vyake, akatikisa kichwa. Akaeleza kwamba yeye hawezi tena kukivunja, kwa sababu aliyemzuia Doto ni mama, na mama ndiye atakayemwacha. Tekla amfunge Kulwa mgongoni. Aende njia panda mchana jua likiwa utosini, wakati mtu hana kivuli. Avunje kwa mkono wake. Kisha arudi, asigeuke, asiitike, mpaka avuke kizingiti chake. Mimi niende naye, kwa kuwa ndimi niliyekwenda sokoni. Yeye bibi angetungoja mlangoni.

"Atalia," Bibi Kabula alisema. "Usigeuke. Ukigeuka, yule anakuja na huyu wa mgongoni anabaki."

Tekla akauliza kwa sauti ndogo sana, "Mama, na nikikosea?"

Bibi alikaza fundo la kanga kifuani pa mkwewe kama anavyofungwa bibi harusi.

Njia panda ile iko nje kidogo ya mji, pale njia ya zamani inapokatana na barabara ya vumbi iendayo mashambani. Hakuna kitu pale. Majani makavu, vumbi, jua. Tulifika jua likiwa utosini. Kulwa alikuwa amelala mgongoni, shavu limelala kwenye bega la mama yake. Tekla aliinua kibuyu akakipiga chini mara moja.

Kilipasuka. Ndani hakukuwa na kitu, hata harufu ya uji.

Tukageukia mjini tukaanza kutembea. Hatua kumi. Ishirini. Nikaanza kupumua.

Ndipo kilio kikaanza.

Hakikuwa kilio cha kutisha, na hapo ndipo penye adhabu yake. Kilikuwa cha mtoto aliyeachwa. Cha mtoto aliyeamka akakuta mama hayupo. Nakijua kilio kile, nimeishi nacho ukuta kwa ukuta miaka miwili. Kilikuwa cha Kulwa. Na miguu midogo ilikuwa inakimbia kwenye vumbi nyuma yetu, inaanguka, inainuka, inakimbia.

"Mama! Kulwa! Mama, Kulwa!" Alikuwa anajitaja jina, kama siku ile uani.

Tekla alisimama.

Nilimshika mkono. Nikamvuta. Nikamwambia usigeuke, usigeuke, bibi alituambia. Alitembea, lakini alitembea kama mtu anayevuta mzigo. Jasho lilimtoka mpaka kidevuni. Akaninong'oneza bila kugeuza shingo.

"Mama Najiat. Wa mgongoni amekuwa mzito."

Sikutazama. Ningeweza kutazama, mimi sikukatazwa. Nilikuwa upande wake, ningegeuza jicho tu nikauona ule uso begani. Sikutaka. Nilitazama mbele, nikamvuta mkono, na kilio kikawa kinatufuata, kinapungua sauti, kinakauka, mpaka kwenye nyumba za kwanza kikawa kikohozi. Kisha kikakatika.

Tulivuka kizingiti. Bibi Kabula akafungua kanga, akampokea mtoto.

Mtoto ana afya. Hilo nalisema kwa haki. Siku ile ile alikula bakuli mbili, na nguo zake ikabidi nizifumue nizipanue. Ana adabu, anakaa anapowekwa, ukimwita Kulwa anaitika mara moja. Hilari aliporudi safari alimrusha juu akafurahi, akasema mtoto ametulia, amekua. Bibi alikaa naye siku tatu. Siku ya kuondoka alimbariki Tekla kwa kumwekea mkono kichwani. Mtoto huyo bibi hakumgusa. Nilimuuliza pembeni kama tulifanya sawa. Akasema yeye ni mzee, macho hayaoni vizuri.

Tekla sasa ana nafasi ya kulala mchana wote akitaka. Halali. Anakaa kizingitini, ameelekea barabara ya vumbi, na mtoto amekaa nyuma yake ndani, wanasikilizana kimya. Hajanigombeza hata mara moja. Angenigombeza ningepata nafuu.

Juma moja baada ya siku ile aliniletea gauni alilovaa kwenda njia panda. Alisema limefumuka nyuma, nimshonee. Akaliweka mezani akaondoka haraka, hakungoja tuagane. Nikalikunjua. Mimi ni fundi, najua nguo iliyoshikwa na mwiba na nguo iliyovutwa. Pindo lilikuwa limevutwa. Uzi umekatika mahali pawili, na juu ya kila mahali, kwenye kitambaa cheupe, kulikuwa na alama ya kiganja kidogo cha vumbi, vidole vimekunjwa kwa nguvu. Nilipima kwa tepu kutoka chini. Ni usawa wa mkono wa mtoto wa miaka miwili aliyesimama, akishika nguo ya mama yake kwa nyuma.

Na yule wa mgongoni hakushuka njia nzima.

Nimelifua mara tatu kwa sabuni ya kipande. Vumbi la mwanzoni lilitoka. Jana nimelianua kwenye kamba, na viganja vimo, vimepanda juu kidogo, kuelekea mgongoni. Sijalishona.