Matairi ya Kuwapeleka Wari Nyumbani

"Wananchi wote wa Kijiji cha Chimbwede wanatangaziwa kwamba, kuanzia Jumatatu ijayo, ubao wa matangazo wa Ofisi ya Kijiji utahamishwa kutoka upande wa kushoto wa mlango na kuwekwa upande wa kulia. Wananchi wanaombwa kuwa watulivu wakati wa zoezi hilo."

Tangazo hili lilibandikwa mwanzoni mwa Desemba, mwaka 2003. Lilibandikwa kwenye ubao huohuo. Wananchi walikuwa watulivu. Kilichowatia msisimko kilikuwa kitu kingine: vijana walikuwa wanakaribia kutoka jandoni.

Chimbwede ni kijiji cha wakulima wa korosho na mihogo, upande wa mdomo wa Mto Ruvuma. Kumbi la jando liko mbali na nyumba, ng'ambo ya Bonde la Nangomwa. Kwa desturi ya hapo, siku ya kutoka kumbini mwari, yaani kijana aliyekuwa jandoni, hakanyagi ardhi mpaka afike mlangoni kwa mama yake. Zamani wajomba waliwabeba wari mabegani. Tangu mwanakijiji mmoja, Bwanaheri, alipopata pikapu, wajomba wengi wamegundua kwamba mabega yao yanauma.

Mwaka uliotangulia, pikapu hiyo ilikwama katikati ya mchanga wa Nangomwa. Wari waliteremka wakaisukuma. Tangu siku ile wanaitwa "wari wa mchangani". Mmoja wao alikuwa Juma, mtoto wa Rashidi, kaka yake Bwanaheri. Juma aliitwa jina hilo shuleni, kisimani na hata njiani kwenda msikitini. Mama yake, Sharifa, aliendelea kumsalimu Bwanaheri kwa adabu zote. Baada ya salamu hakuongeza neno.

Mwaka huu mmoja wa wari alikuwa Hashimu, mtoto wa Bwanaheri mwenyewe.

"Nimemwahidi Mzee Saidi," Bwanaheri alimwambia mkewe, Mwasiti, aliyekuwa uani akimenya mihogo. Mzee Saidi alikuwa nyakanga, yaani mkuu wa jando. "Nimesema mbele ya watu. Safari hii hakuna mguu utakaogusa chini."

"Naye akasemaje?"

"Akasema, 'Tumekusikia, kama tulivyokusikia mwaka jana.'"

Kisu cha Mwasiti kilisimama, kisha kikaendelea.

"Tatizo ni matairi," Bwanaheri alisema. "Yamekuwa vipara. Nimeona mengine Chikongola, kule mjini, makubwa kwelikweli. Tairi moja linanifika kiunoni, mwenzangu."

"Makubwa hivyo ya nini?"

"Gari likiwa juu, watoto watakuwa mbali na ardhi."

Hoja hiyo ilikuwa na nguvu, hasa kwa mtu aliyeitoa.

"Ukiwapandisha juu ya mnazi watakuwa mbali zaidi," Mwasiti alijibu, "ila nyumbani hawatafika. Kesho tunakwenda wote. Tutapita Rahaleo tumchukue dada Rehana."

"Kumchukua Rehana ni kuchukua maneno."

"Maneno yake ni ya matairi. Hayo ndiyo unayoyahitaji."

Rehana, dada mkubwa wa Mwasiti, alikuwa ametunza stoo ya matairi katika kampuni moja ya kujenga barabara kwa miaka mingi. Alijua mengi kuhusu matairi, wala hakuwa na tabia ya kuficha anachokijua.

Asubuhi walifika dukani kwa Erasto, Chikongola. Matairi makubwa yalikuwa yameegemezwa ukutani, meusi, yana kashata, yaani meno ya tairi, nene kama matofali. Bwanaheri aliyazunguka. Aliyapigapiga kwa kiganja kama mtu anayechagua ng'ombe. Uso wake uling'aa.

"Haya, shemeji," Rehana alisema. "Unataka kusafiri au unataka kulima?"

"Hili likipita Nangomwa, mchanga wenyewe utaogopa."

"Mchanga hauna macho. Njoo usome hapa ubavuni."

Kwenye tairi la zamani la pikapu paliandikwa 225/75 R16. Rehana alieleza polepole. Nambari ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili inaonyesha kimo cha ubavu wa tairi kikilinganishwa na upana wake: sabini na tano kwa kila mia. Ya mwisho ni kipimo cha rimu kwa inchi. Tairi alilolipenda Bwanaheri liliandikwa 315/75 R16.

"Rimu inalingana," Bwanaheri alisema. "Kumi na sita na kumi na sita."

"Kimo cha rimu kinalingana. Upana haulingani. Tairi pana kwenye rimu yako nyembamba litavimba kama shavu lenye jino bovu, na kingo zake hazitakaa sawa. Erasto, unalo moja lililokwisha kuvalishwa rimu pana? Tumfungie mbele, aone kwa macho."

Erasto alilifunga. Watu waliokuwa wakipita barabarani walisimama kutazama. Pikapu iliinuka upande mmoja ikawa kama mtu aliyevaa kiatu kimoja. Bwanaheri aliingia ndani akazungusha usukani mpaka mwisho. Tairi lilikwaruza madigadi, likagoma.

"Hapo gari ni tupu," Rehana alisema. "Likibeba wari, springi zitalala. Utakwaruza hata ukienda moja kwa moja."

"Nitakata madigadi."

"Na breki utazikata pia? Tairi kubwa ni zito. Linaichosha injini kulizungusha, na linazichosha breki kulisimamisha. Halafu mshale wa mwendo utakudanganya. Utasoma themanini, kumbe unakwenda zaidi ya tisini."

"Kwa hiyo nibaki na yaleyale madogo?"

"Nani kasema? Ongeza kidogo. Erasto, tuonyeshe 245."

Erasto, ambaye alikuwa akiuza kile watu walichokiomba na hajawahi kuombwa maelezo, alileta matairi mawili yenye ukubwa huohuo. Yalifanana kama pacha.

"Chagua," Rehana alimwambia shemeji yake.

Bwanaheri aliyatazama, akachagua lililong'aa zaidi.

"Umechagua la gari la harusi. Tazama nambari inayofuata baada ya ukubwa. Hiyo ni nambari ya uzito. Hili lako lina 111, lile lina 120. Nambari ikipanda, mzigo unaoruhusiwa unapanda. Gari la kazi linataka tairi la kazi, lenye ubavu mgumu."

Kisha akamwonyesha kashata. Yapo matairi ya lami, yenye mistari midogo; hayo tope huyajaza mara moja. Yapo ya tope, yenye kashata kubwa zilizoachana. Hayo hupiga kelele kwenye lami na huisha upesi. Katikati yapo ya njia zote. Kashata zake ni nene kiasi cha kuuma changarawe na tope, lakini zimekaribiana kiasi cha kushika lami vizuri.

"Wewe unapita lami ya mjini, changarawe, mchanga na tope jeusi, yote kwa siku moja," Rehana alisema. "Nunua ya njia zote."

"Ni mapya?"

"Swali lako la kwanza la maana tangu asubuhi. Soma hapa: 1803. Wiki ya kumi na nane, mwaka 2003. Tairi linazeeka hata likikaa dukani tu."

Walifunga moja, wakazungusha usukani pande zote mbili. Halikukwaruza, hata watazamaji waliporuhusiwa kupanda nyuma, nao walipanda wengi kuliko walioalikwa. Bwanaheri alitaka kuchukua manne. Rehana alisisitiza matano.

"La akiba lipo," Bwanaheri alisema.

"La akiba ni dogo. Gari linalovuta kwa magurudumu yote manne likifungwa tairi moja dogo, gia zinapigana ndani kwa ndani. Nunua matano, shemeji, au ubaki na amani ya nusu safari."

Walirudi Chimbwede jioni. Watoto walilikimbilia gari, wakashika kashata kwa vidole. Bwanaheri alitaka kulijaribu kesho yake Nangomwa. Walipakia magunia ya mihogo yenye uzito uliokadiriwa kuwa sawa na wa wari wote. Nusu ya kijiji iliwafuata kwa miguu. Kabla ya kuondoka, Bwanaheri alijaza upepo mpaka matairi yakawa magumu kama jiwe, maana ndivyo alivyozoea kufanya akibeba mzigo.

Rehana alimwona. Alikaa kimya, jambo lililomshangaza Mwasiti.

Pikapu iliingia mchangani kwa kishindo. Ilikwenda, ikapunguza, ikazama mahali palepale pa mwaka jana.

Mtu mmoja nyuma akasema, "Basi mwaka huu itakuwa mihogo ya mchangani." Watu walicheka. Bwanaheri alishuka akiwa amekunja uso.

"Sasa utanisikiliza?" Rehana aliuliza.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia ungebisha. Mchanga umekwambia, hukubisha. Punguza upepo."

"Tairi lisilo na upepo ni pancha."

"Sikusema uutoe wote. Vua kiatu."

Bwanaheri alivua.

"Simama kwa kisigino. Umezama? Sasa simama kwa unyayo mzima. Tairi gumu ni kisigino. Tukilipunguzia upepo linalala, linakuwa unyayo."

Rehana alitoa mkobani kipimo cha upepo. Walipunguza kidogokidogo katika kila tairi, huku wakipima, mpaka mbavu zake zikatanuka kwa chini. Walichimbua mchanga mbele ya magurudumu. Bwanaheri aliweka gia ya kuvuta kwa magurudumu yote manne, akaondoa gari taratibu bila kulirusha.

Pikapu ilitoka. Ilipanda ukingo wa bonde na mihogo yake yote. Watu walikimbia pembeni yake. Bwanaheri aligeuza, akapita tena, kisha tena, ingawa hakuna aliyemwomba.

"Inatosha," Mwasiti alimwambia. "Utaumaliza mchanga."

"Na ukitoka hapa," Rehana alisema, "jaza upepo tena kabla ya kukimbia. Tairi laini likienda kasi linapata moto mpaka linapasuka. Nenda na kipimo. Nenda na pampu. Kiasi sahihi cha safari ya kawaida kimeandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, nacho hupimwa matairi yakiwa ya baridi."

Siku ya wari ilifika. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri, na upande wa pili wa bonde udongo mweusi ulikuwa umegeuka tope. Wari walitoka kumbini mabegani kwa walombwe, yaani vijana waliokuwa wakiwatunza, wakapandishwa nyuma ya gari, wamejifunika kanga nyeupe za mama zao. Hashimu alikaa karibu na dirisha la baba yake. Miguu yake, iliyopakwa mafuta, ilining'inia ndani ya boksi la nyuma la pikapu.

Bwanaheri alipokuwa akipima upepo kwa mara ya mwisho, alimwona Rashidi akija. Alikuwa amembeba Juma mabegani. Juma alikuwa amekua kwa mwaka mmoja. Miguu yake ilifika karibu na magoti ya baba yake. Rashidi alikuwa analowa jasho.

"Umembeba tangu wapi, kaka?"

"Tangu nyumbani. Hajagusa chini." Rashidi alimgeukia Mzee Saidi. "Nyakanga, naomba na huyu apande. Arudi nyumbani kama mwari."

Walombwe walitazamana. Mzee Saidi alifikiri kwa utulivu.

"Desturi inamkataza mwari kukanyaga ardhi," alisema. "Sijapata kusikia kwamba inamkataza kupanda mara ya pili. Mpandisheni."

Bwanaheri alitazama matairi, kisha Juma, kisha matairi.

"Yatabeba?" alimnong'oneza Rehana.

"Kama yalivyobeba watazamaji wa Erasto. Twende."

Aliingia bondeni polepole. Nyuma waliimba. Tope jeusi liliruka pembeni, kashata zikalitema. Ulipoanza mchanga, wimbo ulikoma wenyewe. Walifika mahali pale. Injini ilishusha sauti. Gari lilianza kuwa zito, na Bwanaheri akahisi mguu wake ukitaka kukanyaga mafuta kwa nguvu zote. Hakuyakanyaga. Aliuacha mguu ulipokuwa, usukani ukiwa umenyooka. Gari lilisita kama linalokumbuka. Kisha likaendelea.

Juma ndiye aliyeanza kuimba tena. Vigelegele vilisikika kutoka ukingoni kabla pikapu haijafika, na havikukoma mpaka kijijini. Wajomba walikuwa wanangoja, mabega yao yamepona ghafla. Walimpokea kila mwari kutoka garini wakampeleka mpaka mlangoni kwa mama yake. Mwasiti alimpokea Hashimu, akamshika miguu yote miwili, akaitazama nyayoni. Ilikuwa misafi, bado inang'aa kwa mafuta.

Bwanaheri alikuwa amechuchumaa, akirudisha upepo kwa pampu ya mguu, Sharifa alipokuja. Alimsalimu kwa adabu zote. Bwanaheri aliitikia akangoja aondoke. Hakuondoka.

"Shemeji," alisema, "ukimaliza hapo, njoo nyumbani unywe chai. Juma anakuulizia."

Tangu siku hiyo hakuna aliyesikika tena akimwita Juma jina lile.

Wiki iliyofuata lori la korosho lilikwama Nangomwa, na Serikali ya Kijiji ikaitisha kikao. Bwanaheri alieleza habari ya ukubwa wa matairi, nambari ya uzito na kupunguza upepo, kisha akaomba bonde limwagiwe kokoto. Wajumbe walimsikiliza kwa makini, wakamshukuru na kumpigia makofi. Baada ya mjadala mrefu, kikao kiliamua kwa kauli moja kwamba, kuanzia tarehe hiyo, ni marufuku kwa chombo chochote cha moto kukwama katika Bonde la Nangomwa. Na kwamba, ili uamuzi huo usomwe vizuri na watu wanaotoka upande huo, ubao wa matangazo urudishwe kushoto kwa mlango.