Mapigo ya Asubuhi

Kila asubuhi, kabla hajainua kichwa kutoka kwenye mto, Ludwika Gazurek alijishika kifundo cha mkono, akaitazama saa ya ukutani na kuhesabu mapigo ya moyo wake kwa dakika moja nzima. Ndipo alipoamka, akaleta kuni kutoka kibandani, akala mkate na jibini laini pamoja na Bibi Rozalia, akafunga skii zake miguuni na kuteleza bondeni mpaka shuleni. Mwezi wa Januari hakuna aliyetembea kwa miguu kijijini Ruszowa. Theluji ilifika madirishani, na katapila la kuisafisha barabara lilikuja pale lilipotaka lenyewe.

Mlangoni pa shule alisimama Kocha Malwina Zowada, mikono mifukoni. Wasichana wanne wa timu ya kupokezana walipita mbele yake mmoja mmoja, na kila mmoja akataja hesabu yake.

"Hamsini na sita," alisema Berta, aliyekimbia wa kwanza.

"Hamsini na nane," alisema Klara, wa pili.

"Hamsini na mbili," alisema Ludwika, aliyekuwa wa mwisho na mwenye kasi kuliko wote.

"Sitini," alisema Felicja Haratyk, binti wa mkata magogo, ambaye alikuwa wa akiba.

"Sitini!" Berta alicheka. "Huo ni moyo au mashine ya kupura ngano?"

Kocha hakuandika chochote. Zote alizikumbuka. Sheria yake ilikuwa moja: moyo ukizidi kwa mapigo kumi kuliko kawaida yake, mwenye moyo huo anarudi kitandani, hata kama kesho yake ni mbio za dunia. Mwili unaopigana na ugonjwa huharakisha moyo kabla mtu hajajihisi mgonjwa. Hayo hayakuhitaji mjadala.

Malwina alijua alichokisema. Kwa misimu saba mfululizo alikuwa bingwa wa Polandi wa mbio ndefu za skii. Alikwenda Olimpiki mara mbili. Alishinda medali ya fedha ya dunia siku ambayo baridi iliwagandisha wapiga picha ndevu. Medali zake zilitundikwa katika ukumbi wa wazima moto, chini ya kioo, na watoto wa Ruszowa walizijua kwa mpangilio wake kama wanavyojua sala. Kisha, akiwa na miaka ishirini na saba, aliacha. Hakusema kwa nini. Wengine walisema aligombana na wakubwa wa mjini, wengine wakasema ni mwanamume. Hakuna aliyemuuliza. Kumuuliza Malwina jambo asilotaka kulisema ni kama kulamba lango la chuma wakati wa barafu: ulimi unabaki pale pale.

Jumapili ile yalikuwa mashindano ya mkoa. Timu itakayoshinda ingekwenda mashindano ya vijana ya taifa, na huko walimu wa shule ya michezo ya mjini wangechagua wanafunzi wapya. Malwina mwenyewe alichaguliwa hivyo, akiwa na miaka kumi na mitatu. Ludwika alikuwa na miaka kumi na mitatu. Mama yake alisafisha vyumba vya hoteli Vienna na kuja nyumbani Pasaka na Krismasi. Ludwika aliapa kwamba yeye hatasafisha chumba cha mtu.

Alhamisi koo lilianza kumuuma kana kwamba amemeza misumari. Ijumaa viungo vyote vilimuuma. Jioni Bibi Rozalia alimgusa paji la uso, akaurudisha mkono haraka.

"Unawaka kama jiko, mjukuu wangu. Vua shati ulale kifudifudi."

Bibi alitoa kwenye kabati sanduku la vikombe vidogo vya kioo, akachovya pamba kwenye spiriti na kuiwasha, akapitisha moto ndani ya kila kikombe na kukibandika mgongoni. Chuku zile zilivuta ngozi mpaka ikafura. Ruszowa nzima iliumikwa hivyo ikipata homa, padri kwa mchunga kondoo, na sharti lilijulikana na kila mtoto.

"Siku tatu usitoe pua nje," alisema Bibi. "Baridi ikiingia kwenye mgongo uliotoka kuumikwa, tutamwita padri, hatutamwita daktari. Umesikia?"

"Nimesikia, Bibi. Lakini kesho niende shule kidogo tu, nikamuage Kocha."

"Utakwenda na sleji ya farasi ya jirani, umejifunika, na utarudi upesi."

Jumamosi asubuhi alihesabu mapigo. Themanini na moja. Alihesabu tena, akitumaini kwamba amekosea. Hakukosea.

Mlangoni pa shule zamu yake ilifika.

"Ludwika?"

"Hamsini na tatu, Kocha."

Aliongeza moja makusudi. Hesabu ile ile ya kila siku ingetia shaka.

Malwina alimtazama. "Macho yako mekundu."

"Moshi wa jiko, Kocha. Bibi ameweka kuni mbichi."

Kocha aliyatazama tena macho yale, kisha akamgeukia msichana wa akiba. "Felicja, kesho utashika makoti ya wenzako."

"Usihuzunike," Berta alimwambia Felicja. "Hata makoti yanahitaji bingwa."

Walicheka wote, na Ludwika alicheka kwa sauti kuliko wote, ingawa kila kicheko kilimchana koo. Nyumbani alimwambia Bibi kwamba mbio zimeahirishwa, na kwamba Jumapili atakwenda kwa Klara kusoma hesabu, kwa sleji na amejifunika kama leo. Uongo wa kwanza ulihitaji wa pili, na wa pili ulitoka kwa urahisi zaidi.

Kesho yake, katika chumba cha kubadilishia nguo, alijibanza pembeni na kuvua shati akiupa ukuta mgongo. Felicja alikuja kumsaidia kufunga namba ya mashindano. Shati lilipanda, naye akaona duara za zambarau, zimejipanga mgongoni kama sarafu mezani.

"Ludwika! Umeumikwa chuku."

"Nyamaza."

"Una homa. Mkono wako ni moto. Namwambia Kocha."

Ludwika aligeuka, akaongea polepole ili kila neno liingie. "Mwambie. Halafu wote watajua kwamba unaitaka namba yangu. Mwizi wa namba, ndivyo watakavyokuita. Nani atakuamini wewe, mwenye moyo wa mashine ya kupura?"

Felicja alikodoa macho. Kisha akafunga kamba ya mwisho, vizuri, bila kuikaza sana, akatoka na makoti yake.

Berta alikimbia vizuri. Klara alikimbia vizuri zaidi. Alipomgusa Ludwika begani kumpokeza zamu, Ruszowa ilikuwa mbele, na anga ilikuwa safi, na theluji ilikuwa kavu, ya kasi, kama anavyoitaka kila mkimbiaji. Kwenye tambarare hakuna aliyemkaribia. Kwenye mteremko wa kwanza aliwasikia watu wakipiga kelele jina lake.

Mlima wa mwisho ulipanda katikati ya misonobari. Hapo miguu yake ikawa ya mtu mwingine. Alisukuma fimbo za skii, fimbo zikazama, yeye hakusogea. Moyo ulimrukaruka kifuani kama ndege aliyeingia chumbani na kuukosa mlango. Alisema moyoni, hatua moja zaidi. Aliipata hiyo moja. Ya pili hakuipata.

Alianguka kwa uso. Msichana wa timu ya kwanza alimpita kulia. Wa pili alimpita kushoto. Wa tatu alipiga kelele, "Toka njiani, we!" na skii yake ikamkwaruza mkono. Hakuna aliyesimama. Hakuna aliyetarajiwa kusimama. Ndivyo mbio zilivyo.

Mtu wa kwanza kumfikia alikuwa Felicja, aliyepanda mlima kwa miguu, akizama mapajani, amekumbatia makoti yote manne, la kwake likiwemo. Alimfunika kwa makoti hayo, akaketi kwenye theluji na kukipakata kichwa chake mpaka watu wa machela walipofika. Ruszowa haikumaliza mbio. Kwenye ubao wa matokeo jina la kijiji halikuwekwa kwenye nafasi yoyote.

Hospitalini daktari hakuzungusha maneno. Misuli ya moyo imevimba. Homa ndogo iliyobebeshwa mbio kubwa hufanya hivyo. Nusu mwaka bila kukimbia, bila kubeba kuni, bila kupanda ngazi kwa haraka. Baada ya hapo atapimwa, na vipimo ndivyo vitakavyosema. Bibi Rozalia alilia hadi muuguzi akamtoa nje.

Siku ya tatu alikuja Malwina. Hakuketi.

"Jumamosi mapigo yako yalikuwa mangapi?"

"Hamsini na..."

"Usirudie."

Ludwika aligeukia ukuta. "Themanini na moja."

"Themanini na moja," alirudia Kocha. Kisha akaongea kama anayesoma taarifa ya hali ya hewa. "Nilikuwa na miaka ishirini na saba. Mashindano ya taifa. Nilikuwa na homa kidogo, nikamwambia daktari wa timu kwamba nimelala vibaya tu. Nikakimbia. Unajua matokeo?"

"Ulianguka?"

"Nilishinda. Ile medali ya mwisho kulia kule ukumbini. Nilianguka wiki moja baadaye, jikoni, nikimenya viazi. Moyo haukurudi kama ulivyokuwa. Leo nikipanda ngazi za shule, nasimama katikati nikijifanya ninatazama nje."

"Kwa nini hukutuambia, Kocha?"

"Niliona aibu. Niliwapa sheria bila kuwapa sababu, na sheria isiyo na sababu ni rahisi kuivunja. Tena niliyaona macho yako mekundu, nikataka kushinda kama wewe. Hayo ni yangu, nitayabeba. Ya kwako ni yako."

Alipofika mlangoni aligeuka. "Kuna jambo jingine. Felicja aliwaambia wenzake kwamba aliona alama za chuku mgongoni mwako. Berta anasema alinyamaza makusudi, ili uanguke. Wanamjazia theluji kwenye viatu. Jana walizificha skii zake."

Kwa siku kadhaa Ludwika alilala akiutazama mti wa nje ya dirisha, na ukweli ni kwamba, mwanzoni, habari ile ilimpa nafuu. Kama kosa ni la Felicja, basi si lake. Alijaribu kulalia wazo hilo kama mtu anavyojaribu godoro jipya. Halikulalika. Kila alipofumba macho alihisi uzito wa makoti manne.

Aliporudi Ruszowa baada ya mwezi mmoja, Bibi alimpeleka shuleni kwa sleji. Timu ilikuwa katika chumba cha skii, ikikwangua nta ya zamani ya kutelezea chini ya skii. Hakuna aliyemsalimu.

"Felicja alitaka kumwambia Kocha," alisema Ludwika akiwa bado mlangoni. "Mimi nilimtisha. Nilimwambia mtamwita mwizi wa namba. Nilijua nina homa. Mapigo yalikuwa themanini na moja."

Kikwangulio cha Berta kilisimama. "Kwa hiyo tumekosa mashindano ya taifa kwa ajili yako wewe."

"Ndiyo."

"Na mimi nimemjazia mtu theluji viatuni mwezi mzima bure?"

"Ndiyo."

"Ningejua," alisema Berta, "ningepita juu yako pale mlimani."

Kisha alimtazama Felicja, akaenda nyuma ya kabati na kurudi na skii zilizofichwa. Aliziweka mezani taratibu. Felicja alizikagua chini, akaona mkwaruzo, akaanza kuupaka nta. Hakumkumbatia mtu yeyote.

"Umesema," alimwambia Ludwika bila kuinua macho. "Sasa ondoka kwenye mwanga, sioni kazi yangu."

Mwezi wa Septemba, theluji ikiwa bado haijafika hata vileleni, daktari alimpima Ludwika mara mbili, akamwambia kwamba moyo umepona. Ludwika alikwenda moja kwa moja nyumbani kwa Kocha, akitembea, maana kutembea kulikuwa kumeshakuwa tabia. Malwina alikuwa uani, anatandaza uyoga juani ukauke.

"Nimepona, Kocha."

"Vizuri. Wengi hawaponi."

"Naweza kurudi kwenye nafasi yangu?"

"Nafasi hiyo ina mtu. Felicja amekuwa na kasi, na hasemi uongo." Malwina alifuta mikono kwenye aproni, na kwa mara ya kwanza akamwonyesha mahali pa kuketi. "Nisikilize, maana sitarudia. Katika mchezo huu baridi ni kali, lakini haikudanganyi. Mlima ni mkali, haukudanganyi. Mshindani anayekupita umelala chini ni mkatili, lakini naye hakudanganyi. Anayeweza kukudanganya ni mmoja tu, na huyo unaamka naye kila siku. Ukimdanganya daktari au kocha, umejidanganya mwenyewe, na mwili wako utakudai. Tena hautakudai wewe peke yako. Utawadai na wale waliosimama karibu nawe. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Umeelewa?"

"Nimeelewa, Kocha. Je, nitakuwa bingwa?"

"Sijui. Huna haki ya kuniuliza hilo mwaka huu."

Malwina aliinuka na kurudi kwenye uyoga wake. Ludwika alingoja, kisha akaanza kuondoka. Alikuwa amefika uzioni sauti ilipomfikia.

"Mazoezi ni Jumatatu. Uje mapema, usimame mwisho wa mstari."