Maji Kwenye Paji la Marlies

Kila alasiri Verna Lindner alipokwenda kumwamsha bintiye, alimkuta paji la uso limelowa. Si jasho. Maji baridi, yenye harufu ya mshumaa uliozimwa sasa hivi.

Alimshuku mama mkwe wake. Hulda alikwisha kusema mezani kwamba mtoto kukaa bila kubatizwa ni aibu, na nyumba ile ya mawe katikati ya mizabibu ya bonde la Barossa, Australia, ilikuwa ya ukoo wa marehemu mume wa Verna.

"Mama, unambatiza mwanangu kwa siri?"

"Mimi? Na goti hili nipande ngazi?" Hulda alicheka, kisha akaacha ghafla. "Ana maji usoni?"

"Kila siku. Usijifanye hujui."

Hulda akasukuma kando sahani ya keki, akashusha sauti. "Mtoe mtoto katika kile chumba cha juu, mwanangu. Na usiniulize kitu."

Verna hakuwa mtu wa kunyamazishwa. Kesho yake alimbeba Marlies hadi kanisani, akamwomba Mchungaji Zwar amsomee vitabu vya ubatizo vya wahamiaji wa mwanzo kutoka Ujerumani, vya Kijerumani cha kale chenye herufi kama miiba. Alitaka kujua nani aliwahi kuishi pale juu.

"Huyu hapa Gustav, babu yake baba mkwe wako," alisema mchungaji, kidole kwenye mstari. Kisha akakunja uso. "Nyumbani wanasema mama yake ni nani?"

"Johanna. Picha yake iko sebuleni."

"Johanna ni msimamizi tu wa ubatizo. Mama ni Ernestine, mdogo wake. Hajaolewa. Baba hakutajwa."

Verna alirudi mbio. "Mlijua!"

Hulda hakubisha. "Walimwambia Ernestine amwite mwanawe mpwa. Alipokataa, wakamfungia katika chumba kile asimguse, hata siku mtoto alipobatizwa. Akafa humo, akimwita."

"Na mimi mkaniacha nimlaze mwanangu humo humo?"

"Niliona aibu, Verna."

Hapo ndipo mlango wa juu ulipofunguka wenyewe, taratibu, na harufu ya mshumaa ikateremka ngazi mbele ya nyayo zilizolowa ambazo mwenyewe hakuonekana, zikitua kidato baada ya kidato bila haraka, huku Marlies mikononi mwa mama yake akijinyoosha kuzielekea kama mtoto anayepokelewa na mtu anayemfahamu, na Verna akimkaza kifuani akihisi upande wa pili kuna mikono inayomvuta.

"Ernestine!" Hulda alipiga kelele. "Gustav ni wako! Tulisema uongo, sisi sote! Ni wako!"

Mvuto ukalegea. Harufu ikapotea. Tangu siku hiyo paji la Marlies lilikuwa kavu, na Verna na mkwewe wakaanza tena kutaniana jikoni.

Jumapili ya ubatizo, kanisa lilijaa kina Lindner. Mchungaji Zwar alichovya vidole katika maji.

"Mtoto huyu anaitwa nani?"

Kabla Verna hajafungua mdomo, sauti ya mwanamke, laini, yenye furaha, ilijibu karibu kabisa na sikio lake, mahali ambapo hapakuwa na mtu.

"Gustav."

Marlies akageuka, akacheka, akanyoosha mikono abebwe.