Ukingo Uliofungwa

Rudisheni mlango kwanza, halafu mnisikilize, maana hii si ya kusikilizwa nusu nusu.

Ilianza na sauti ya kijiko. Fundi Vikonyo alikuwa amekaa mezani kwake, jua la utosi, anapoza chai, aliposikia huko nje kama mtu anaburuza kijiko juu ya ukingo wa chuma wa bustani yake. Ting, ting, ting, jani moja la chuma baada ya jingine. Sauti ikapita chini ya dirisha la jikoni, ikazunguka nyuma ya nyumba, ikatokea upande wa chumbani, ikafika kwenye njia ya mlangoni, ikanyamaza. Akatoka kuangalia, hakuona mtu. Akajiambia ni chuma kinatanuka kwa joto, akarudi kwenye chai yake. Na kweli chuma hulia juani, kila fundi analijua hilo. Ila chuma hakitembei.

Huyu Fundi Vikonyo jina lake lilimkaa. Kazi yake ilikuwa kutengeneza kingo za chuma za kuzungushia maua, zile fupi zinazoishia kwenye kifundo cha mguu, zenye majani na vikonyo vilivyojikunja, na karibu kila bustani pale mtaani ilikuwa imepita mikononi mwake. Kazi alirithi kwa baba yake, pamoja na karakana, na sharti moja: usifunge duara. Ukizungushia nyumba, ukifika kwenye njia ya mlangoni, simama, acha mdomo wazi. Kwa nini? Baba hakusema. Akiulizwa alijibu kwamba chuma nacho kinataka pa kupumulia, na akiulizwa tena alishikwa na kikohozi cha ghafla. Basi Fundi akawa anaacha mdomo kwenye kila nyumba, miaka nenda rudi, na wala hakuna mteja aliyewahi kulalamika.

Aliyelalamika ni mkewe. Mwanamke huyo alikuwa mjamzito, mimba ya kwanza, na walikuwa wameisubiri mpaka watu wakaacha kuuliza. Kila mvua iliponyesha, udongo wa maua ulitoka pale palipoachwa wazi ukamwagika njiani, na yeye na tumbo lake akawa anainama kuufagia. Siku moja akamchokoza mumewe kwamba wateja anawapa vya kumeremeta, lakini mke wa ndani ameachiwa ukingo kibogoyo. Fundi akacheka. Halafu akamwona anavyonyanyuka, mkono kiunoni, uso umejikunja, kicheko kikamwishia mdomoni.

Jioni ile ile akaleta bapa la chuma, akalilaza kukatisha njia, sawa kabisa na sakafu ili mtu asijikwae, akalichomelea ncha zote mbili kwenye ukingo. Akasugua kwa grenda mpaka viungo havionekani. Mkewe akapiga makofi. Ilikuwa kazi ya mapenzi ile, asije mtu akasema vingine.

Kesho yake mchana ndipo kijiko kikaanza.

Ingekuwa usiku angalau angesema anaota. Lakini usiku palikuwa kimya, na jua likishasimama katikati ya anga tu, ting, ting, ting. Siku za mwanzo sauti ilizunguka mara moja ikaacha. Baadaye ikawa inarudia na kurudia mpaka alasiri, tena kwa haraka, na kila ikifika kwenye lile bapa inasimama, inageuka, inarudi ilikotoka. Kisha ikaja harufu. Ilikuwa harufu ya chuma kilichoungua na nywele zilizoungua, na Fundi akadhani anaileta mwenyewe kutoka kazini. Akawa anaoga karakanani na kuvulia nguo za kazi huko huko. Harufu haikwenda kokote. Ilikuwa imekaa chumbani, na upande wa kitanda anaolala mkewe ndiko ilikozidi.

Na mkewe akaanza kutembea. Mtu ambaye wiki iliyopita alikuwa anaomba kuletewa hata maji ya kunywa, sasa hakai. Anazunguka sebule akiwa amejibana ukutani, kiganja kinapapasa rangi, akiulizwa anasema ananyoosha miguu. Fundi akamwangalia mchana mmoja, akamwangalia tena, na akagundua hivi: sauti ya nje ikipinda kona ya jikoni, mkewe naye ndani anapinda kona ya jikoni, sauti ikienda kasi naye anaenda kasi, na sauti ikisimama mlangoni, mkewe naye anasimama mlangoni, ameinamisha kichwa kama anayesikiliza mtu mfupi akimnong'oneza. Aliogopa. Alikuwa mwanaume wa miraba minne anayeshika chuma cha moto kila siku, na siku hiyo aliogopa kumgusa mke wake mwenyewe.

Ndipo akakumbuka mambo aliyoyapuuza. Mama mkwe alipokuja, mkewe hakumsindikiza hadi barabarani, aliishia kwenye bapa. Dukani alikuwa anatuma watu. Siku ya kliniki ilipita, akasema anaumwa kichwa, ilhali nesi alikuwa amewaonya kwamba mtoto amekaa vibaya tumboni na mama asikose hata siku moja. Fundi akaona hapa hakuna mchezo. Akamshika mkono, akamwambia wanakwenda kliniki sasa hivi. Wakatembea vizuri tu mpaka kwenye bapa. Pale mkewe akainua mguu, ukabaki hewani, ukarudi chini.

"Umekataa," akasema kwa sauti ya chini. "Nautuma, hauendi."

"Umechoka tu, mke wangu."

"Sijachoka. Kuna mtu kasimama nyuma yangu. Anasubiri nitangulie."

Nyuma yake hapakuwa na mtu. Palikuwa na harufu.

Kule kwenye vibanda kulikuwa na bwana mmoja waliyemwita Daktari wa Simu. Asubuhi anatoa virusi kwenye simu za watu, jioni anatoa majini kwa wenye simu, na mwenyewe husema kazi ni ile ile. Fundi alimfuata mbio. Bwana yule akaja na mkoba wake akipiga soga njia nzima, lakini alipoliona bapa soga likamkauka. Hakulivuka. Akachuchumaa upande wa barabarani, akaweka kiganja juu ya chuma, akakiondoa upesi.

Akauliza nani aliyefunga. Fundi akasema ni yeye. Akauliza kama baba yake hakumwambia kitu.

"Baba yako alikuwa anawaachia njia," akasema Daktari wa Simu, taratibu. "Majini hawa walikuwepo kabla ya nyumba. Wanapita zao, hawana shida na mtu. Ila chuma hawakivuki. Umemfungia mmoja ndani, na umemfungia pamoja na mkeo."

Fundi akamwomba amfukuze. Yule bwana akamuuliza amfukuze aende wapi, wakati mlango kaufunga mwenye nyumba mwenyewe. Dawa ni kulikata bapa, kisha kukaa pembeni na kungoja mpaka sauti ipite na kuishilia barabarani. Na asitoke mtu kabla yake, hata nyumba ikiwaka moto, kwa sababu atakayetangulia ndiye atakayembeba.

Fundi akavuta waya wa grenda kupitia dirishani, akapiga magoti upande wa nje. Cheche ziliruka mara moja tu, umeme ukakatika mtaa mzima. Akachukua msumeno wa chuma, akakata kwa mkono. Akakata ncha ya kwanza jasho likimwingia machoni, na ting ting ting ikaanza kuzunguka nyumba kwa kasi ambayo hakuna miguu inayoiweza, ikipita mbele yake na kurudi na kupita tena, kila ikipita chuma kinazidi kupata moto chini ya vidole vyake, naye akahamia ncha ya pili akikata na kumwomba Mungu kwa maneno yasiyo na mpangilio, na ndani ya nyumba mkewe akaanza kulia, kwanza kwa kunung'unika, halafu kwa kile kilio ambacho kila mtu akikisikia anajua ni uchungu wa kuzaa umefika. Bapa likang'oka. Akalitupa barabarani.

Sauti ikakatika.

Mkewe akatokea mlangoni, anatambaa. Chupa imepasuka, na maji yale yalikuwa na damu, damu nyingi, inamfuata sakafuni. Akaliita jina la mumewe. Fundi akainuka, Daktari wa Simu akamdaka mkono.

"Subiri. Jini atoke kwanza."

Basi wakasubiri. Na huko nyuma ya nyumba ikaanza tena, ting, safari hii polepole, ting, kama mtu asiye na haraka na chochote kwa vile anajua ataondoka, ikapita dirisha la chumbani, ikakaribia pengo, na hapo pengo lilipokuwa wazi kabisa mbele yake haikutoka, ikarudi hatua chache, ikaenda kunyamaza pale pale alipokuwa mke wa Fundi, nyuma ya visigino vyake. Harufu ikawafika mpaka walipo. Jini alikuwa anasubiri mwanamke atangulie.

"Subiri," akanong'ona tena yule bwana.

Fundi akaitazama damu. Akaona akingoja jini atabaki mjane bila mtoto, na akaona hilo haliwezekani, liwe liwalo. Akajinasua, akaingia, akamnyanyua mkewe kifuani kama mtu anayebeba gunia, akageuka mbio. Na alivyokuwa amembeba vile, kilichotangulia kuvuka pengo kilikuwa tumbo. Pale pale akahisi mzigo umekuwa mzito ghafla, halafu ukawa wa kawaida. Alipomtazama Daktari wa Simu, yule bwana alikuwa amegeuzia uso barabarani, anafunga mkoba wake.

Hospitali waliwahi. Mama alishonwa, akaongezewa damu, akafungua macho na kuomba maji. Mtoto alikuwa wa kiume, mzima, kilo zake nzuri. Fundi alilia wodini mbele za watu na wala hakuona aibu. Harufu haikuwepo. Akasema moyoni, yamekwisha.

Kesho yake adhuhuri akaenda kuwaona. Nesi alikuwa kwenye kitanda cha mtoto, kile cha vyuma pande zote, anacheka.

"Baba, huyu wenu mjeuri. Nikipandisha ubavu wa kitanda anapiga kelele wodi nzima inaamka. Nikiushusha, kimya. Hebu tazama."

Akaupandisha, komeo likaingia, akaondoka kwenda kwa mgonjwa mwingine.

Mtoto hakulia. Alikuwa amefumbua macho, anamtazama baba yake moja kwa moja, mtoto wa jana. Mkono ukajichomoa kwenye kitambaa. Ukucha mdogo ukagusa chuma cha kwanza, ting. Ukagusa cha pili. Mkono ule haukuweza kufika cha tatu, lakini sauti ilikifika, ikaendelea yenyewe, ikazunguka kichwani, upande wa pili, miguuni, ikarudi polepole mpaka kwenye komeo alilolishika Fundi, chini ya vidole vyake, ikasimama. Komeo lilikuwa la moto.

Mkewe alikuwa macho. Alikuwa anawatazama wote wawili, na machozi yanamtiririka hadi kwenye mto wa kitanda.

"Mfungulie," akasema taratibu.

Fundi akamfungulia. Alikuwa mwanawe.