Mkanda Nyuma ya Mgongo

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Divina aliosha mikono hadi viwikoni, akaikausha vizuri, kisha akaketi kumsaidia mama yake kudarizi. Ndiyo desturi ya nyumba za Lumban, mji wa wadarizi huko Ufilipino, zinazoishi kwa sindano: mgeni huonyeshwa beseni kabla ya kuonyeshwa kiti. Kitambaa chenyewe hufumwa kwa nyuzi za majani ya mananasi, nacho ni chembamba hata ukikiweka juu ya kiganja unaona mistari ya mkono wako. Ukucha ukikikwaruza kidogo tu, uzi unatoka.

Mwaka ule alichaguliwa kuwa Malkia Elena katika maandamano ya Msalaba Mtakatifu ya kila mwezi Mei. Malkia huyo hutembea mwisho kabisa, chini ya tao la maua, huku mji mzima ukinyoosha shingo. Mama yake, Purita, alikuwa amewadarizia matajiri maisha yake yote. Safari hii alimdarizia mwanawe, kazi ya mwaka mzima iliyomwachia macho mekundu. Nguo ilikuwa na mikono mipana iliyosimama wima mabegani, na maua yaliyotapakaa kifua kizima.

Malkia wa mwaka uliotangulia alikuwa Rosalie, binti wa mama yake mdogo. Mkanda wa gari ulimsugua njia nzima, ukaitoa nguo yake nyuzi begani na kuulaza mkono wake mmoja. Divina ndiye aliyembandika jina la Kuku Aliyenyonyolewa, na jina likashika shule nzima. Rosalie alilia mpaka akachoka. Divina hakuchoka kumtania.

Siku ya maandamano walipaswa kupitia mji jirani wa Pagsanjan kwanza kupiga picha. Rosalie alikuja na mfuko mwembamba wa pamba laini, mrefu, ulio wazi ncha zote mbili. Alikuwa ameushona mwenyewe. Alieleza kwamba mkanda ukivikwa mfuko ule hautasugua kitambaa. Bibi Pacing, mama yake Purita, aliupapasa, akasema mshono ni mzuri na kwamba wangeutumia.

"Nepi ya nani hiyo?" Divina aliuliza. "Kuku siku hizi anashona nepi?"

Wasichana waliokuja kumtazama malkia walicheka. Purita naye alicheka. Akasema mfuko au si mfuko, mkanda utaulaza tu ule mkono wa nguo alioupiga pasi tangu alfajiri.

"Upitishe nyuma ya mgongo, mwanangu. Ni hapo tu, tunafika sasa hivi."

Mjomba Nestor, mwenye gari, hakupenda. "Dada, huyo mtoto amekaa mbele," alisema.

"Basi wewe endesha polepole," Purita alimjibu, akaingia kiti cha nyuma. Nestor aliwasha gari, maana dada yake mkubwa habishiwi siku ya sherehe. Hapo alikosea, kwa sababu anayeshika usukani ndiye anayepaswa kubisha. Bibi na Rosalie wakafuata kwa bajaji.

Karibu na daraja mbwa alikatiza barabara. Nestor alikanyaga breki, na gari halikuwa hata na mwendo mkali. Lakini Divina alikuwa ameupitisha mkanda nyuma ya mgongo, na hakuwa na kitu cha kumzuia. Mdomo wake uligonga dashibodi, na meno mawili ya mbele yakavunjika.

Purita aliinamia mbele. Jambo la kwanza alilosema ni hili: "Inua kidevu! Usiichuruzikie nguo!"

Divina aliinua kidevu. Kwa kuwa alikuwa mtoto mtiifu, alimeza damu yake mwenyewe ili nguo ibaki safi, na bado ilimwagika juu ya yale maua.

Bajaji ilifika. Rosalie alichungulia dirishani, akatazama mikono ya nguo iliyokuwa bado imesimama wima.

"Hongera," alisema. "Mkanda haujakugusa."

Bibi alimvuta Rosalie pembeni, lakini hakumgombeza. Alijua ukali ule alijifunza kwa nani.

Jioni, Divina alikuwa amelala zahanati huku mdomo umeshonwa, akisikia tarumbeta za maandamano zikipita. Rosalie alikuwa amevishwa haraka nguo yake ya mwaka jana na kusimamishwa chini ya tao. Watu walipiga makofi, na hakuna aliyetazama bega lake.

Siku chache baadaye, Purita aliingia sebuleni akiwa ameikunjua ile nguo mikononi. Alikuwa ameiloweka kwenye maji baridi na sabuni mpaka ikatakata. Alisema kwa furaha kwamba halijabaki hata doa moja.

Bibi Pacing aliinua kidevu cha Divina kwa vidole viwili. "Funua mdomo, mjukuu wangu. Mwonyeshe mama yako."

Divina alifunua. Purita alitazama lile pengo, na nguo ikamponyoka.

Bibi aliiokota, akaipindua ndani nje, akampa binti yake mkasi. Alimwamuru akate bitana yote ya hariri, kwa maana hariri huteleza na haisugui. Ashone mifuko ya mikanda yote ya gari la Nestor. Purita alikata huku akilia, na Divina, aliyekuwa amenawa mikono kama kawaida, alimtungia uzi sindanoni.

Mfuko wa kwanza ulipokamilika, Divina aliupeleka kwa Rosalie, akamwomba radhi kwa maneno yaliyovuja hewa mbele.

"Nitakusamehe," Rosalie alisema, "ila si leo."

Divina alirudi akamweleza Bibi, akitaraji kupewa pole. Hakupewa.

"Usimharakishe," Bibi alisema. "Ulimcheka mwaka mzima. Na nyinyi wawili, wewe na mama yako, lisikieni hili. Mkanda ukiharibu nguo, sindano ipo, tutatia kiraka. Sisi ni watu wa Lumban, hakuna kitambaa kinachotushinda. Lakini mimi nimeshika sindano miaka yote hii, na sijawahi kuona inayoshona jino. Nguo ikingwe kwa akili. Mtu akingwe kwanza."