Mgoto Kwenye Bomba

Garam alikuwa na mazoea: akitoka shule anavua viatu mlangoni, anachemsha tambi, anazila mbele ya televisheni akimngoja baba. Walikaa ghorofa ya saba, na sebule yao ilijaa spika tano pamoja na boksi kubwa la besi.

Wiki ile spika zilipofungwa, Bibi Ok-bun wa ghorofa ya sita aligonga dari yake kwa mpini wa ufagio mpaka sakafu yao ikalia. Baba akampelekea keki za mchele, wakainama yeye na Garam mlangoni pake wakaahidi kwamba haitatokea tena. Tangu hapo televisheni ililia kwa spika mbili tu, bila besi.

"Ukigusa kitufe hiki, hatutaelewana," Baba alimwambia Garam, akimwonyesha kitufe cha kuwasha spika zote.

Alhamisi moja rafiki yake Yeoul akaja.

"Spika zote hizi, halafu tunasikiliza kama redio ya mlinzi? Bonyeza bwana, acha woga!"

Garam akabonyeza. Mfumo wa sinema ukawaka, lakini waigizaji wakawa kama wananong'ona.

"Mbona imefifia?"

"Si uongeze!"

Akaongeza, akaongeza tena. Mara meli kwenye filamu ikalipuka. Lo! Vikombe vilicheza kabatini, sakafu ikanguruma chini ya nyayo zao.

Ngo! Ngo! Ngo!

"Huyo bibi yako mnoko!" Yeoul akacheka.

Garam alizima haraka. Lakini mgoto haukukoma. Ngo... ngo... Haukutoka sakafuni kama siku ile ya ufagio. Ulipanda kwenye bomba la maji la bafuni, polepole, kama wa mtu aliyechoka.

"Kanuna kweli," alinong'ona Yeoul. "Tunyamaze, ataacha mwenyewe."

Wakanyamaza. Na kweli, mgoto ukapungua, ukakoma. Yeoul akaenda zake. Garam alibaki peke yake, na kimya kile hakikumpendeza hata kidogo.

Giza lilipoingia Baba akarudi akihema.

"Lifti imeharibika, nimepanda ngazi. Bibi Ok-bun leo hajachukua maziwa yake ya mgando. Mfuko anaoletewa asubuhi bado unaning'inia mlangoni pake. Labda kaenda kwa binti yake. Wewe hujasikia kitu chini?"

"Hapana, Baba."

Mezani Garam akashika kijiko, akakiweka. Kama bibi hakuwepo, nani aligonga? Na kama alikuwepo, mbona hakuja juu kugomba?

"Baba, nimekudanganya!" Machozi yakamtoka. "Nilibonyeza kitufe. Akagonga. Nilipozima akaendelea kugonga, kwenye bomba la bafuni!"

Baba alishuka ngazi mbiombio, Garam nyuma yake. Waligonga mlango, wakaita. Kimya. Mlinzi wa jengo akawapigia simu zimamoto, nao wakavunja kitasa.

Bibi Ok-bun alikuwa sakafuni bafuni, nyonga imevunjika, midomo imekauka, mkononi kashika kata ya maji. Alikuwa anapumua.

Siku walipokwenda hospitali kumwona, Garam aliinama mpaka paji la uso likakaribia magoti.

"Bibi, ni mimi. Nilikusikia nikanyamaza."

Bibi Ok-bun alimwonyesha kwa mkono aketi.

"Nilianguka asubuhi, mjukuu wangu. Niliita mpaka sauti ikakauka. Kishindo chenu kilipoanza nilifurahi mno. Nikasema, kumbe watu wapo! Nikagonga kwa nguvu zote nilizobaki nazo. Mlipozima, nikajua mnakuja."

Garam alilia kwa kwikwi. Bibi akamshika mkono, hakuuachia.

"Lakini sikukusudia kelele, Baba," Garam alisema walipotoka. "Maneno hayakusikika."

"Mfumo ule hushusha maongezi makusudi ili mlipuko upate pa kupandia, na besi ina boksi lake. Ukipandisha sauti usikie maneno, umeipandisha na radi. Hukujua, na hilo ni kosa langu pia. Nilikukataza bila kukueleza." Baba alisimama. "Kosa la kitufe tungeliomba radhi kwa keki za mchele, likaisha. Kulificha ndiko kulikotaka kumuua mtu. Ukikosea, mwanangu, sema papo hapo. Hujui nani yuko chini anakusubiri useme."